Kumpima Farasi kwa Safari Yake ya Mbio Zilizopita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wanaobeti mbio za farasi wa kweli: anayesimama kando ya uwanja wa Ngong pale Nairobi, anayefuatilia uwanja wa Churchill Downs wa Marekani usiku kwenye simu, na ndugu zetu walio Marekani na Uingereza ambao uwanja wa mbio hauko mbali na nyumbani. Mifano mingi ni ya Marekani kwa sababu huko kila mbio huachiwa kumbukumbu ya maandishi na ya video, na mtu yeyote anaweza kuikagua mwenyewe.

Safari ya farasi ni nini hasa?

Ni yote yaliyompata tangu geti lilipofunguka hadi alipovuka mstari. Alitoka vizuri au alijikwaa? Kwenye kona alikaa kando ya fensi ya ndani au alisukumwa nje hadi njia ya tano? Nani alimkatia mbele? Joki (mpanda farasi) alimshikilia wapi, akamwachia wapi? Waliotangulia walikwenda mbio za kumaliza pumzi au walijiendea taratibu? Na siku ile, sehemu gani ya uwanja ilikuwa ngumu na nzuri kwa kwato, na sehemu gani ilikuwa inazamisha?

Matokeo rasmi hukupa namba moja: wa kwanza, wa nne, wa tisa. Namba hiyo haitofautishi kati ya farasi aliyekuwa wa tano baada ya kuzuiwa mara mbili na farasi aliyekuwa wa tano baada ya kupewa kila kitu mkononi akashindwa. Kazi yetu ni kuuliza alilazimika kufanya nini ili amalizie pale alipomalizia. Ukishapata jibu hilo unaweka swali la pili, ambalo wengi hulisahau: je, odi (malipo yanayoahidiwa kwa dau) ya mbio zinazofuata imeshalijua jibu hilo?

Nipe mfano wa kweli ambao naweza kuutazama mwenyewe.

Anza na Kentucky Derby ya mwaka 2019, mbio kubwa ya Churchill Downs. Watu wengi wanaikumbuka kwa sababu Maximum Security alivuka mstari akiwa wa kwanza kisha akaondolewa, na ushindi ukapewa Country House aliyekuwa na odi ya 65 kwa 1 (kila shilingi 1 huleta faida ya 65). Lakini wewe mtazame War of Will. Alitoka geti namba 1, lile la ndani kabisa karibu na fensi, akasubiri nyuma ya walioongoza, na alipofika kona ya mwisho alikuwa anakwenda kwa nguvu huku joki wake akiwa bado hajamhimiza. Hapo ndipo Maximum Security alipohama njia mbele yake. War of Will akalazimika kukatisha hatua, miguu nusura ivurugane na ya mwenzake, na mwendo wote aliokuwa ameujenga ukapotea. Kwenye karatasi ya matokeo aliwekwa wa 7.

Wiki mbili baadaye, kwenye Preakness Stakes, mbio nyingine kubwa ya Marekani, alitoka tena geti namba 1, safari hii akapata njia ya ndani iliyo wazi, akashinda. Odi yake ilikuwa takriban 6 kwa 1. Dunia nzima ilikuwa imeitazama video ile mara kadhaa kwa sababu ya mzozo wa Maximum Security, lakini macho ya watu yalikuwa kwa aliyeondolewa na aliyepewa ushindi.

Jambo kama hilo likajirudia mwaka 2024. Dornoch alipangiwa geti namba 1 kwenye Kentucky Derby, akabanwa kwenye msongamano, akamaliza wa 10. Mwezi uliofuata alishinda Belmont Stakes, ambayo mwaka ule ilikimbiwa Saratoga, kwa odi ya karibu 17 kwa 1.

Usiondoke hapa na sheria ya kwamba anayetoka namba 1 Churchill Downs abetiwe mbio zinazofuata. Mwaka 2017 Lookin At Lee alitoka namba hiyohiyo, lakini kwake njia ya ndani ilifunguka mwanzo hadi mwisho. Hakupoteza hata mita moja kwenye kona, akamaliza wa pili. Kwenye Preakness alikuwa wa 4. Geti lilikuwa moja kwa wote watatu. Kilichotofautiana ni kilichotokea baada ya geti, na hicho hukipati bila kutazama.

Kukimbia nje kwenye kona kunamgharimu farasi kiasi gani?

Hili lina hesabu, na ni hesabu ya shule ya msingi. Chukulia kila njia moja kwenda nje ni karibu mita 1. Kona ya nusu duara, ambayo ndiyo kona ya kawaida ya viwanja vya Marekani, humwongezea farasi mita 3 na kidogo kwa kila njia anayokuwa nje ya mwenzake. Ni ile pai (3.14) mara mita 1. Urefu wa farasi mmoja ni kama mita 2.4. Kwa hiyo kila njia ya nje humla zaidi kidogo ya urefu wa farasi mmoja kwa kila kona.

Sasa piga hesabu ya aliyekimbia njia ya tano huku mshindi akiwa njia ya kwanza. Tofauti ni njia nne, yaani mita 12 na zaidi, karibu urefu wa farasi watano. Kama mbio zilikuwa za kona mbili na alikaa nje kwenye zote mbili, ni urefu wa farasi kumi. Ndiyo maana kwenye riadha ya mita 400 wakimbiaji hawapangwi kwenye mstari mmoja. Farasi hawapewi fidia hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulikosea hapa. Ukubwa wa kona haubadilishi mita zinazopotea. Kona pana au kona kali, nusu duara ni nusu duara, na kila njia ni zile mita 3 na kidogo. Kona kali humtesa aliye nje kwa namna nyingine, kwa sababu inamvuta nje zaidi na kumvunjia mwendo, ila umbali wa ziada ni uleule.

Na usihesabu upana kwenye mnyooko, yaani sehemu ya uwanja iliyonyooka. Farasi anayekimbia katikati ya uwanja kwenye mnyooko wa mwisho hapotezi karibu chochote. Mtangazaji akisema yuko nje kabisa, subiri uone kama bado wako konani.

Kwa nini mnazungumzia sana kasi ya mbele? Safari si ni njia aliyopitia?

Kasi ni sehemu ya safari, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Farasi anaweza asiguswe na mtu, akae njia nzuri, na bado awe na safari mbaya mno kwa sababu tu ya kasi aliyolazimishwa kuifuata.

Kentucky Derby ya mwaka 2022 ndiyo darasa zuri. Summer Is Tomorrow na Crown Pride, wote wawili wametoka kukimbia UAE Derby pale Meydan, walikwenda mbele kwa kasi isiyo ya kawaida. Robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, na hakuna Derby iliyowahi kuanza kwa kasi hiyo. Nusu maili ikapita kwa sekunde 45.36, na bado mbele kulikuwa na robo tatu ya maili. Summer Is Tomorrow akamaliza wa 20, wa mwisho kabisa. Wakati huohuo Rich Strike, aliyeingia mbio siku moja kabla baada ya mwenzake kuondolewa, alikuwa nyuma ya karibu wote. Walio mbele walipoanza kuishiwa, joki wake Sonny Leon akampitisha ndani, akachomoka mara moja tu kumkwepa aliyechoka, akashinda kwa odi ya zaidi ya 80 kwa 1.

Je, Rich Strike alikuwa farasi bora kuliko wote siku ile? Mtazame wa pili, Epicenter. Yeye alikuwa karibu zaidi na ule moto wa mbele, akaanza kusukuma mapema, akaongoza kwenye mnyooko, na akapitwa karibu na mstari kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Ukiondoa majina na ukasoma safari peke yake, mwenye kazi ngumu zaidi ni wa pili. Baadaye Epicenter alishinda mbio za Jim Dandy na Travers Stakes. Rich Strike hakushinda tena mbio yoyote.

Kati ya Derby na ushindi huo Epicenter alikimbia Preakness, na huko akapata tatizo la kinyume. Alibanwa mwanzoni akajikuta nyuma kuliko alivyozoea, huku walio mbele wakijiendea kwa mwendo wa wastani. Early Voting, aliyekaa karibu na uongozi, akashinda. Epicenter akaja wa pili tena. Mbio mbili, nafasi ya pili mara mbili, na sababu mbili zisizofanana hata kidogo.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii. Mbele kukiwa kwa moto, wape sifa waliokaa mbele na kumaliza karibu, na wapunguzie alama waliotoka nyuma. Mbele kukiwa polepole, geuza. Anayetoka nyuma kwenye mwendo wa polepole na kupunguza pengo amefanya kazi ambayo karatasi haiionyeshi.

Nitatofautishaje tatizo la kweli na kisingizio?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu ukishajifunza kuona matatizo utayaona kila mahali. Farasi karibu wote hupata kasoro fulani. Swali ni kama kasoro ile ilimzuia kufanya alichokuwa na uwezo wa kukifanya.

Mtazame kabla ya tatizo, si baada yake. Farasi mwenye nguvu huonekana: anavuta hatamu, joki amemzuia kwa mikono, miguu ya joki imetulia, na mnyama mwenyewe anaomba kwenda. Akizuiwa akiwa katika hali hiyo, amepoteza kitu. Lakini kama joki alikuwa ameshaanza kusukuma na kupiga kiboko mita 300 kabla ya kuzuiwa, na farasi hasogei, basi njia iliyofungwa haikumzuia chochote. Mara nyingi ilifungwa kwa sababu hakuwa na mwendo wa kuifikia ilipokuwa wazi.

Kuna na aliyechoka ambaye anarudi nyuma akigongana na wenzake. Kwenye video huonekana kama ameonewa. Rudisha video nyuma sekunde tano uone nani alikuwa anakwenda na nani alikuwa anarudi.

Na kuna wachelewaji wa geti. Farasi akitoka vibaya mara moja, hiyo ni bahati mbaya. Akitoka vibaya kwenye mbio tatu kati ya nne, hiyo ni tabia yake, na atakuja nayo tena siku utakayombetia.

Matatizo mazito, kwa jinsi ninavyoyapanga, huanza na kukatishwa mwendo konani au mwanzoni mwa mnyooko wa mwisho. Farasi mwenye uzito wa karibu kilo 500 akilazimishwa kupunguza mwendo hauchukui upya kwa hatua mbili. Afleet Alex alijikwaa nusura apige magoti kwenye kona ya mwisho ya Preakness ya mwaka 2005, baada ya Scrappy T kumkatia mbele, akainuka na bado akashinda. Wengi wanaitaja mbio ile kwa sababu jambo kama hilo karibu halitokei.

Upendeleo wa uwanja ni nini, na nitautambuaje?

Kuna siku uwanja husaidia upande mmoja. Mvua, jua, namna mchanga ulivyosawazishwa asubuhi au mahali fensi ya uwanja wa nyasi ilipohamishiwa huweza kufanya njia ya ndani iwe barabara au iwe tope. Siku nyingine hakuna aliye mbele anayefikiwa, na siku nyingine anayetangulia hufia mita 200 za mwisho.

Uwanja wa mchanga wa Meydan, Dubai, una sifa ya kuwasaidia wanaotangulia, tena wanaokaa ndani, na mchanga unaorushwa na walio mbele huwaudhi walio nyuma. Ndugu walioko Emirati wanaujua vizuri hata kama hapo uwanjani kubeti hakuruhusiwi na mashabiki hushindania zawadi kwa kubashiri bila kulipa. Farasi aliyetoka nyuma, njia ya nje, akamaliza wa tatu Meydan kwenye siku ya namna hiyo anastahili alama zaidi ya nafasi yake.

Kuhusu kuutambua, nina msimamo mkali: mbio mbili hazitoshi. Watu huona mbio mbili za mwanzo zimeshindwa na waliotangulia, wakatangaza upendeleo. Huenda waliotangulia walikuwa tu farasi bora. Tafuta ushahidi wa ajabu, kama farasi wa odi ya 30 kwa 1 aliyekataa kupitwa na wakali, na anayepigiwa upatu aliyefika pembeni yake kisha akasimama. Ukiona hayo kwenye mbio nne au tano za siku moja, andika.

Nitazame video au nisome maandishi ya matokeo?

Vyote viwili, ila maandishi ni ya kukuonyesha pa kutazama. Kumbukumbu za mbio za Marekani hutengenezwa na Equibase, na Daily Racing Form, gazeti lililoanza Chicago mwaka 1894, huzipanga katika mistari ya mbio zilizopita za kila farasi. Mwisho wa kila mstari kuna maneno machache. Ukiona "4w" maana yake alikuwa njia ya nne konani. "Steadied" ni joki alimpunguza mwendo kidogo. "Checked" ni alimvuta kwa nguvu ili asigonge. "Driving" ni alikuwa anasukumwa kwa nguvu zote hadi mstarini, na "handily" ni alishinda bila kuulizwa sana. Kwenye mbio za Uingereza utakutana na "short of room", yaani alikosa nafasi ya kupita.

Maandishi hayo huandikwa na mtu mmoja aliyetazama mbio nzima ya farasi kumi au zaidi. Hawezi kuona yote. Matatizo ya wa kwanza hadi wa nne huandikwa vizuri. Ya wa nane huachwa mara nyingi, na wa nane huyo ndiye anayekuja na odi nzuri mbio zinazofuata.

Video itazame zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza tazama kasi na mpangilio wa kundi, usimtazame mshindi. Mara nyingine fuata farasi mmoja tu, geti hadi mstari. Kama kuna kamera ya mbele, itumie, kwa sababu kamera ya pembeni haionyeshi nani alihama njia. Kisha usizime mstarini. Endelea kumtazama anavyokwenda baada ya mbio kuisha: anayewapita wenzake wakati majoki wameshainuka alikuwa na kitu kilichobaki.

Nina namba za kasi tayari. Hazijahesabu hayo yote?

Inategemea ni namba gani. Namba za Beyer, ambazo Daily Racing Form ilianza kuzichapisha mwaka 1992, hupima muda wa kumaliza ukirekebishwa kwa hali ya uwanja. Haziongezi chochote kwa aliyekimbia nje. Namba za Ragozin na za Thoro-Graph zinahesabu umbali uliopotea konani na uzito uliobebwa. Kwa hiyo ukitumia za Beyer, ongeza mwenyewe hesabu ya njia. Ukitumia hizo nyingine na ukaongeza tena, umemlipa farasi mara mbili kwa kona ileile.

Hakuna kati ya hizo inayojua kwamba mnyama alifungiwa nyuma ya ukuta wa wenzake huku joki akiwa amekaa kimya. Farasi aliyezuiwa hupewa namba ndogo kwa sababu hakukimbia. Namba hiyo ni sahihi kama kumbukumbu ya siku ile na haifai kama kipimo cha uwezo wake.

Daftari langu liandikweje?

Fupi, na siku ileile. Mfano: "Mbio ya 5, mchanga, maili moja. Namba 7: alitoka taratibu kidogo, njia ya 4 kona zote mbili, mbele polepole, alianza kusogea mita 500, alimaliza wa 4 pungufu ya urefu wa farasi 3, bado anakwenda baada ya mstari. Uwanja sawa. Arudi umbali huohuo, namba ya geti ya ndani." Hapo umeandika tatizo, kasi, uwanja, na masharti ya kurudi.

Masharti ya kurudi ndiyo ninayoyasisitizia zaidi. Farasi aliyeteswa na njia ya nje akirudi tena kutoka geti la 11, safari mbaya ileile inamsubiri. Anayehitaji kasi kali mbele yake, na mbio zinazofuata hazina hata mmoja anayependa kutangulia, hatasaidiwa na huruma yako. Kabla ya kubeti jaribu kuikimbiza mbio kichwani: nani atatangulia, nani atamfuata, na huyu wangu atakuwa wapi kwenye kona ya kwanza.

Safari mbaya ikishaonwa na kila mtu, bado ina faida?

Mara nyingi haina. Arrogate kwenye Dubai World Cup ya mwaka 2017 aligongwa alipotoka getini, akaachwa nyuma kabisa, akalazimika kuzunguka kundi kwa nje, na bado akampita Gun Runner na kushinda kwa zaidi ya urefu wa farasi wawili. Ni moja ya safari ngumu zaidi kuwahi kuzaa ushindi mkubwa. Nani hakuiona? Aliporudi kukimbia San Diego Handicap, Del Mar, alikuwa akipigiwa upatu kwa odi ambayo haikuacha faida yoyote ya maana, na akamaliza wa 4, mbali nyuma ya Accelerate. Hakushinda tena.

Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni bei: ukijua kitu ambacho kila mtu anakijua, hulipwi kwa kukijua. La pili ni mwili wa mnyama. Juhudi kubwa mno huweza kumla farasi, na safari ngumu iliyozaa ushindi isisomwe kama ahadi ya ushindi mwingine.

Thamani iko kwa farasi wa kawaida, siku ya kawaida, kwenye mbio ambazo hakuna aliyezirudia kwenye video: wa sita aliyefungiwa ndani, au wa tano aliyepigana mbele kwenye moto na wenzake wawili ambao walimaliza mwisho.

Nimezoea odi za desimali. Hizi za "6 kwa 1" nizisomeje?

Jumlisha 1. Odi ya 6 kwa 1 ni 7.00 kwenye programu ya simu: dau la 100 linarudisha 700, ikiwemo 100 yako.

La muhimu zaidi ni kwamba Marekani wanaobeti huweka fedha kwenye mfuko mmoja, uwanja unakata sehemu yake, kinachobaki kinagawiwa walioshinda. Churchill Downs hukata asilimia 17.5 kwenye dau la mshindi tangu mwaka 2014, na asilimia 22 kwenye madau ya mchanganyiko, yanayounganisha farasi zaidi ya mmoja. Mfuko wa 100,000 unagawa 82,500. Kwa hiyo kujua kidogo kuliko wenzako hakutoshi hata kurudisha hela yako. Unatakiwa uwazidi kwa kiasi cha kufidia makato hayo. Odi nazo huendelea kubadilika hadi geti linapofunguka, basi amua mapema odi ya chini utakayoikubali, na ikishuka chini ya hapo acha. Na dau liwe hela ambayo ikipotea yote, kodi ya nyumba na ada ya mtoto hazijaguswa.

Lawama ni za joki mara ngapi?

Mara chache kuliko kelele za jukwaani zinavyodai, lakini zipo. Mfano mkubwa ni Dancing Brave kwenye Derby ya Epsom, Uingereza, ya mwaka 1986. Greville Starkey alimshikilia nyuma mno, akamwachia akiwa na pengo ambalo karibu haliwezekani kuzibwa, na farasi akalifuta karibu lote. Alipoteza kwa nusu ya urefu wa farasi kwa Shahrastani. Mwaka huohuo Dancing Brave alishinda Eclipse, kisha akiwa na Pat Eddery akashinda King George pale Ascot, Shahrastani akiwa nyuma yake, na baadaye Prix de l'Arc de Triomphe pale Longchamp.

Ukiona safari imeharibiwa na uamuzi wa joki, angalia kama joki amebadilishwa. Angalia pia kama ni mtindo wa farasi mwenyewe. Wengine hawakubali kuwekwa karibu, na joki hana la kufanya.

Njia hii inafaa Ngong?

Inafaa, na una faida moja kubwa: upo pale, unaona mwenyewe. Mbio za Ngong Racecourse husimamiwa na Jockey Club of Kenya, na zimekuwa hapo tangu mwaka 1954 zilipohamishwa kutoka upande wa Kariokor. Idadi ya farasi katika mbio moja mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo visa vya kufungiwa ndani ni vichache. Elekeza macho kwenye kasi. Farasi wachache maana yake kuna uwezekano mkubwa mmoja akaachiwa mbele bila kusumbuliwa, na ushindi wa namna hiyo usiupe uzito kamili. Farasi walewale hukutana tena na tena, jambo linalofanya daftari lako liwe na kazi zaidi kuliko kwenye nchi ya maelfu ya farasi.

Na zile mbio za farasi za kompyuta kwenye maduka ya kubeti?

Hazihusiki kabisa. Hakuna farasi, hakuna kona, hakuna joki. Programu huchagua matokeo kwa bahati nasibu kisha inachora picha. Ukiona "farasi" wa kompyuta amezuiwa akamaliza wa nne, hajazuiwa na kitu, na mbio ya dakika tatu zijazo haina kumbukumbu naye. Usitumie hela yako kutafuta mtiririko pale.

Farasi niliyemwandika hajakimbia kwa miezi kadhaa. Noti yake bado ina thamani?

Imepungua. Baada ya mapumziko marefu swali kubwa linakuwa afya na maandalizi, si safari ya mwisho. Tazama mazoezi yake yaliyorekodiwa, na kama mkufunzi wake huwaleta farasi wakiwa tayari mara ya kwanza au huwapa mbio moja ya kuamka. Mimi humwacha akimbie mara moja bila dau, nikamwandikia noti mpya. Kama noti ya zamani ilikuwa ya kasi au ya njia, naiunganisha na hiyo mpya. Kama ilikuwa ya upendeleo wa uwanja siku moja ya mvua, naifuta.